Falseto bila kukaza koo: mwongozo kwa anayeanza

Falseto ni ile sauti nyembamba na nyepesi ya juu, juu ya sauti yako ya kawaida. Kila ninapoifundisha, maswali ya wanaume huwa matatu. La kwanza: "Mwalimu, mbona nikipanda juu sauti inakatika?" La pili linafuata papo hapo: "Falseto si itaniharibu koo?" La tatu huulizwa kwa aibu, watu wakishatawanyika: "Mwanaume akiimba hivyo si anaigiza mwanamke?" Nimeyajibu mara nyingi mno, nikaona heri niyaandike hapa pamoja na mazoezi yenyewe, ili anayeanza awe na pa kushika.

Sauti inakatika kwa sababu nyuzi zako za sauti zinabadili namna ya kutetema, na bado hujazizoeza kubadili taratibu. Falseto haiharibu koo. Kinachoharibu ni kulikaza. Na wala hauigizi mtu. Falseto inatoka kwenye nyuzi zilezile unazotumia kuagiza chai na kumwita mtoto. Ni yako.

Kwanza, kinachotokea kooni

Weka kidole kwenye zoloto, kile kifundo cha shingoni kinachopanda na kushuka unapomeza mate. Nyuma yake ndipo zilipo nyuzi za sauti. Tumezoea kuziita nyuzi, lakini usiwaze nyuzi za gitaa. Ni mikunjo miwili ya nyama laini iliyolala kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa mwanaume mzima ina urefu wa kama sentimita 2, na kwa mwanamke ni mifupi zaidi. Ndani ya kila mkunjo kuna msuli, na juu ya msuli kuna utando mwororo unaoteleza. Hewa ikipanda kutoka mapafuni inaiachanisha mikunjo, inarudiana, inaachana tena. Mwanaume akiongea kwa utulivu, hilo hutokea kama mara 120 kwa sekunde. Ile noti ya La wanayotumia wanamuziki kupatanisha ala ni mara 440.

Katika sauti ya kifua, ile unayoongelea kila siku, msuli wa ndani umejikaza. Mkunjo umekuwa mfupi na mnene, unatetema kwa unene wake, na pande mbili zinakutana barabara. Ndiyo maana sauti inatoka nzito, imeshiba. Katika falseto, msuli huo wa ndani unalegea. Msuli mwingine, ulio mbele ya zoloto, unaliinamisha gegedu la zoloto (ule mfupa laini) na kuzivuta nyuzi ziwe ndefu na nyembamba. Sasa zinazotetema ni kingo tu. Mara nyingi hazikutani kabisa, kwa hiyo hewa kidogo inapenya kila mara, na hiyo ndiyo pumzi unayoisikia ndani ya falseto.

Ukitaka kuliona jambo hili, tafuta puto. Lipulize, ushike mdomo wake, halafu uiachie hewa mdomo ukiwa umelegea: linabwata kwa sauti nzito, unaona mpira mzima unapigapiga. Sasa lipulize tena, ushike mdomo kwa vidole vya mikono miwili na uuvute kwenda pembeni. Linalia nyembamba, na ukitazama kwa karibu utaona kinachotikisika ni ukingo tu. Angalia jambo moja zaidi: hukuongeza nguvu ya hewa. Ulivuta tu. Shika hilo, kwa sababu karibu kila kosa nitakalolitaja huko chini linaanza pale mtu anaposukuma hewa badala ya kuziacha nyuzi zinyooke.

(Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji kutoka Hispania, Manuel García, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kuzitazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Kila nikimkumbuka namshukuru. Kabla yake walimu walikuwa wakikisia.)

Kuhusu wanawake: nyuzi ni zilezile na kazi ni ileile, ila kwa kuwa zao ni fupi na nyembamba tangu mwanzo, badiliko halisikiki sana. Walimu wengi wakiwafundisha hutumia jina la sauti ya kichwa. Mazoezi haya yanawafaa pia, ila waanzie noti za juu zaidi ya nitakazozitaja.

Andaa haya

- Dakika 15 za utulivu. Mara mbili kwa siku ni bora kuliko saa nzima kwa mkupuo mmoja.
- Maji, na yanywe mapema, saa moja au mbili kabla. Maji hayapiti kwenye nyuzi za sauti, yangepita ungepaliwa. Yanazifikia baada ya kuingia mwilini. Vivyo hivyo asali na tangawizi: vinaliwaza koo lakini nyuzi havizigusi. Kinachozigusa moja kwa moja ni hewa na mvuke.
- Mrija mmoja na glasi ya maji.
- Kinanda, au programu ya simu inayotoa noti.
- Simu ya kujirekodi. Usiiache hii. Falseto unavyoisikia ndani ya kichwa chako sivyo inavyosikika nje.
- Koo zima. Kama una mafua makali au sauti imekauka, funga mwongozo huu urudi ukipona.

Hatua kwa hatua

1. Pasha sauti moto. Tetemesha midomo "brrr", kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea, huku ukitoa sauti. Panda na kushuka kidogo kidogo, dakika mbili au tatu. Midomo ikigoma kutetema, sukuma mashavu juu kidogo kwa vidole. Zoezi hili linakataa ubabe: ukisukuma hewa nyingi mno, midomo inaacha kutetema, na umeshajua.

2. Panga pumzi. Simama, magoti yasikakamae. Vuta hewa hadi usikie mbavu za chini zikitanuka na tumbo likitoka mbele. Mabega yabaki yalipo. Toa hewa kwa "sss" nyembamba na ya usawa kwa sekunde 15. Falseto inavuja hewa, kwa hiyo mtu asiyeweza kuitoa pumzi taratibu ataishiwa katikati ya mstari. Lakini usijijaze hewa kama unataka kupiga mbizi. Kifua kilichojaa kupita kiasi kinasukuma chenyewe.

3. Itafute falseto. Hapa ndipo wengi hukwama, na wengi wao wanayo tayari bila kujua. Nilikuwa na kijana mmoja wa besi, majuma mawili anajaribu, anakunja uso, mishipa ya shingo imemtoka, na kinachotoka ni kelele. Siku moja mwenzake alijikwaa, naye akacheka: "Hiii!", juu kabisa, nyembamba, safi. Nikamwambia asimame pale pale, acheke tena, safari hii polepole. Akacheka. Nikampa noti ileile kwenye kinanda. Akaishika. Akabaki ananitazama, mkono kooni, kwa sababu hakuna kilichomuuma.

Basi usiitafute kwa kuimba. Itafute kwa kucheza. Jaribu milango hii mitatu, uone upi unafunguka:

- Lia kama bundi: "huuu", laini, midomo imekaa mviringo.
- Lia kama mtoto wa mbwa anayetaka kufunguliwa mlango: mlio mdogo, mwembamba, mdomo umefungwa.
- Mwigize bibi kizee anayemwita mjukuu kutoka mbali: "Weee!"

Utajuaje kwamba ni yenyewe? Sauti itakuwa nyepesi, ina pumzi kidogo, na kifuani hutasikia mtetemo. Weka kiganja kifuani uongee kawaida, usikie kinavyovuma. Sasa lia kama bundi. Ule mvumo umepungua sana au umetoweka. Hapo umefika.

4. Ishike noti moja. Piga ile La ya mitetemo 440, iliyo juu ya Do ya kati ya kinanda, uiimbe "huu" kwa sekunde tano, kwa sauti ya chini. Watu hushangaa kwa nini nawaanzisha juu hivyo. Sababu ni kwamba ukianzia chini, nyuzi zinapendelea kubaki nene kama zilivyozoea, na utapanda ukiburuta uzito huo. Juu huko, mwanaume akiimba taratibu, nyuzi hazina la kufanya ila kunyooka. Kama La inakushinda, shuka noti moja au mbili. Irudie mara tano, pumzika, irudie tena.

Tahadhari: kidevu kisipande. Wanaoanza huinua uso kana kwamba noti iko darini. Jitazame kwenye kioo. Macho yako yatazame mbele.

5. Shuka nayo. Kutoka noti hiyo, shuka noti tano kwa "huu": So, Fa, Mi, Re, Do, ile ya juu uliyoanzia ndiyo So yako. Ubaki kwenye falseto hadi mwisho hata kama chini inazidi kuwa dhaifu. Iache iwe dhaifu. Unazizoeza nyuzi zibaki nyembamba mahali ambapo zamani zingenenepa.

6. Ingiza mrija. Chovya mrija kwenye maji, sentimita 2 au 3 tu, uzungushie midomo vizuri, kisha toa sauti ya falseto kupitia mrija ili maji yatoe mapovu. Panda na kushuka. Maji yanarudisha msukumo kidogo kuelekea kooni, na msukumo huo unazisaidia nyuzi zitetemeke bila kugongana kwa nguvu. Mapovu yakiwa ya usawa, pumzi yako ni ya usawa. Yakiruka hadi nje ya glasi, unasukuma. Kama ningeruhusiwa kumwachia mwanafunzi zoezi moja tu, ningemwachia hili.

7. Punguza pumzi ndani ya sauti. Falseto ya mwanzo ni hewa tupu, na hilo ni sawa kwa wiki mbili tatu. Baadaye zifundishe kingo zikaribiane. Kiswahili kimetupa herufi nzuri kwa kazi hii. Shika "ng'" ya mwanzo wa neno ng'ombe, uipandishe na kuishusha. Kisha imba "nyi-nyi-nyi" kwa noti tano, ukiwa na sauti ya kukerakera kidogo kama mtoto anayedeka. Mwisho "gu-gu-gu". Ile "g" inaizuia hewa kwa nukta moja kabla ya irabu, nayo inazisaidia nyuzi zikaribiane. Rekodi kabla na baada, usikilize: utasikia pumzi ikipungua na sauti ikipata ukingo.

Usiifunge kwa kukaza shingo. Ukisikia kitu kinabana pembeni mwa koo, rudi kwenye mrija.

8. Vuka kivuko. Kwa wanaume wengi, mahali sauti inapokatika ni kati ya Re na Fa zilizo juu ya Do ya kati, kama mitetemo 290 hadi 350 kwa sekunde. Besi hukutana napo chini kidogo, teno juu kidogo. Mimi napaita kivuko. Ni pale misuli miwili inapopokezana kazi: wa ndani ulikuwa umeshika, wa mbele anataka kupokea. Wa ndani asipoachia mapema, anashikilia mpaka anashindwa, kisha anaachia ghafla, na wewe unasikia "kwaa!"

Kwanza, ukubali ule mpasuko. Imba "o" ya kifua, kisha ruka makusudi kwenda "u" ya falseto: "o-u, o-u", kama wachungaji wa milimani wanaoitana. Acha ikatike waziwazi. Usione haya. Unajifunza mlango uko wapi.

Ukishaujua, piga king'ora: anza juu kwenye falseto, "uuu", teremka polepole mpaka kwenye sauti ya kifua. Teremka kwanza, kupanda baadaye, kwa sababu kutoka wembamba kwenda unene ni rahisi kuliko kinyume chake. Ukikaribia kivuko, punguza sauti. Hili ni gumu kulikubali kwa sababu mwili wako utakwambia ongeza. Mwanafunzi akikaribia pale huwa nashusha kiganja hewani, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, naye hushuka nacho. Fanya hivyo mwenyewe mbele ya kioo. Siku chache za mwanzo bado itakatika. Kisha mpasuko utakuwa mdogo, na siku moja utarekodi na kusikiliza mara mbili ili uone ulipita wapi.

9. Weka maneno. Chagua mstari mmoja mfupi. Uimbe wote kwa "huu". Kisha imba irabu zake tu: neno kama "nakupenda" linakuwa a-u-e-a. Mwisho rudisha konsonanti. Irabu "u" na "i" zinaikubali falseto upesi. "A" ndiyo mkaidi, kwa sababu mdomo ukipanuka sana sauti inataka kurudi kifuani au kupiga kelele. Ifunge "a" kidogo, ielekee "o", hasa noti ikiwa juu. Msikilizaji bado atasikia "a".

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kupiga kelele. Mtu anataka falseto yake ilingane kwa ukubwa na sauti ya kifua siku ileile aliyoipata. Haiwezi. Kingo nyembamba hazitoi sauti iliyoshiba kama mkunjo mzima, na ukizilazimisha unazikausha.

Kuanza na wimbo wa msanii unayempenda. Philip Bailey wa Earth, Wind & Fire na Barry Gibb wa Bee Gees, waimbaji maarufu wa falseto, wamefanya kazi hii miaka mingi, na mikrofoni na mafundi vilikuwa upande wao. Wasikilize kwa furaha. Lakini usianzie pale.

Kusafisha koo kila dakika, "ahem, ahem". Kila mara unazigonganisha nyuzi kwa nguvu, nazo zinajibu kwa kutoa ute zaidi. Meza mate, au kunywa maji funda dogo.

Kunong'ona pale sauti inapochoka. Watu hudhani kunong'ona ni kupumzika, kumbe wengi wakinong'ona hukaza koo kuliko wanapoongea. Kama umechoka, nyamaza.

Ikigoma, angalia hapa

*Hakuna kinachotoka, hewa tu.* Nyuzi zimelegea bila kukaribiana. Anza na mlio wa mtoto wa mbwa, mdomo umefungwa, kisha "ng'". Fanya asubuhi baada ya kuongea kidogo, si mara tu unapoamka. Usingizini nyuzi huvimba kidogo na asubuhi huwa nzito.

*Inatoka siku moja, kesho haipo.* Angalia usingizi, maji, na jana uliongea kiasi gani. Falseto ni ya kwanza kuonyesha uchovu, kwa kuwa kingo zikivimba hata kidogo hazitetemi vizuri. Mimi huitumia kama kipimo: nikiamka, nikijaribu "huu" laini na haitoki, siku hiyo siimbi kwa nguvu.

*Kijana wa miaka 13 hadi 16, sauti inaruka yenyewe.* Zoloto linakua na nyuzi zinarefuka. Misuli bado haijazoea vipimo vipya. Aimbe kwa upole katika noti zinazotoka bila shida, na asishindanishwe na wenzake.

*Koo linauma au linawasha baada ya mazoezi.* Simama. Siku nzima ya kupumzika, kisha urudi hatua ya 1 na ya 6 peke yake. Falseto iliyo sawa haiumi. Kama kiungulia kinakusumbua usiku, lishughulikie hilo pia, maana asidi ikipanda huwasha nyuzi.

*Sauti imekauka na hairudi.* Ikipita wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi kwa kamera. Ukitema damu, ukishindwa kupumua vizuri au sauti ikikatika ghafla ukiwa unaimba, usingoje hata siku moja.

*Nyumbani inasikika, jukwaani inamezwa na ala.* Falseto haina mng'ao mwingi unaopenya kelele, kwa hiyo hata mwimbaji mzoefu humezwa. Sogeza mikrofoni hadi vidole viwili kutoka mdomoni pale unapoingia falseto, na uirudishe nyuma unaporudi kwenye sauti ya kifua. Mwombe anayepiga kinanda aache nafasi kwenye noti hizo. Kisha uimbe kwa ukubwa uleule ulioimba chumbani.